Taa Niliyoitengeneza Mchana

Ningeweza kumwambia Swaleh hapana. Darubini ya bunduki yake ilikuwa mezani kwangu, kizungusho cha taa yake kimeliwa na chumvi, kipuri hakipo, na fundi mwenye karakana amesafiri. Maneno ya kusema yalikuwa machache: rudi wiki ijayo, Mzee Twalib akisharudi. Badala yake nilimwambia, "Pitia saa kumi, utaikuta tayari." Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cheti cha kidato cha nne na mikono myepesi, na hakuna mtu aliyenilazimisha. Sasa nimepita sitini na tano. Nimejaribu mara nyingi kutafuta mwingine wa kumtwisha jibu lile, na kila nikilizungusha linarudi mahali pake, kinywani mwangu, adhuhuri ile, Mishomoroni.

Mwezi uliopita Swaleh alizikwa. Nilipata habari kwa muuza mkaa, nikavaa shati safi nikaenda. Kwa kuwa mimi si Mwislamu nilisimama nje ya ukuta wa makaburi mpaka walipomaliza, kisha nikafuatana na watu hadi nyumbani kwake Magogoni, nikakaa kwenye jamvi barazani pamoja na wazee nisiowajua. Mwanawe Hamadi, mtu mzima mwenye mvi ndevuni, alikuwa akipitisha kahawa. Aliponifikia alichuchumaa akanitazama usoni. "Wewe ndiwe Kazungu? Wa kwa Mzee Twalib?" Nikamwambia ndimi. "Babangu alikuwa akikutaja. Asema ulikuwa fundi mzuri." Nikashukuru. Akanimiminia kahawa, kisha akaendelea kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kupumua tu. "Miezi hii ya mwisho akili ilimtoka. Wallahi hata jina langu alikuwa halijui. Lakini swali moja halikumtoka. Mbona palikuwa pekundu? Asubuhi hilo, jioni hilo. Sisi twamwambia, baba, mambo yale yamepita, ulifungwa ukatoka, Mungu ameshasamehe. Yeye atujibu, sikuona mtu, sikuona nguruwe, niliona nyekundu tupu. Mbona palikuwa pekundu?" Nikarudisha kikombe. Nikasema Mungu amrehemu. Hamadi akaniuliza kama nitaonja halwa. Katika dunia nzima alikuwa amebaki mtu mmoja wa kumjibu, na mtu huyo alichukua kipande cha halwa, akakila, akaaga, akaenda zake.

Mwaka ule nilifanya kazi katika chumba kimoja chenye madirisha mawili, ambamo Mzee Twalib alitengeneza kila chombo chenye kioo: darubini za mabaharia, vyombo vya wapima ardhi, miwani ya wazee wa mtaani, na mara mojamoja darubini za bunduki za wenye mashamba waliokuwa na kibali cha kuua wanyama waharibifu. Chumba kilinukia spiriti. Kwenye rafu palikuwa na mikebe ya mchele uliokaangwa mkavu bila mafuta. Tulilaza vioo ndani yake ili mchele unyonye unyevu, maana adui yetu mkubwa pale pwani alikuwa ukungu unaoota ndani ya kioo kama utando wa buibui. Kando ya rafu palikuwa na sanduku kubwa la mbao lililofunikwa kitambaa cheusi. Ukitaka kupima kitu gizani wakati wa mchana, unaingiza kichwa humo pamoja na chombo chako, na mwenzako anakushushia kitambaa mgongoni. Kula ndani ilikuwa mwiko. Mahamri na mbaazi tulikula nje barazani, kisha tukanawa kwa sabuni mara mbili, na Mzee Twalib alinusa vidole vyangu kama mama anayemshuku mwanawe kuwa ameiba sukari. Alikuwa mtu wa ukoo wa zamani, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mvita kitupu. Mimi aliniita "kijana." Neno fundi hakuwahi kunipa, na neno hilo nililitamani kuliko nilivyotamani viatu.

Darubini ya kwanza yenye taa aliileta Swaleh. Alikuwa askari wa shamba kubwa lililokuwa nyuma ya Mtopanga, upande wa kuelekea mkono wa bahari. Aliwahi kuwa mwanajeshi, na mwendo wake ulisema hivyo kabla hajafungua mdomo. Bunduki ilikuwa ya tajiri wake, na kazi yake ilikuwa nguruwe mwitu, ambao mwaka ule walifukua mihogo safu kwa safu. Ndani ya darubini ya kawaida kuna vistari viwili vyeusi, vyembamba kama nywele, vinavyokatana katikati. Hapo vinapokatana ndipo risasi inapokwenda. Hii mpya ilikuwa na taa ndogo ya betri iliyovifanya vistari hivyo vyekundu. Swaleh alieleza kwa nini tajiri aliinunua. "Shikamoo, mzee. Nguruwe mweusi, kichaka cheusi, na alama nyeusi. Jua likishazama najua nguruwe yupo, lakini alama imemezwa. Msimu uliopita nilibahatisha nikampata tumboni. Akakimbia na jeraha, akamkuta mama mmoja anasenya kuni, akampasua paja. Sitaki tena kubahatisha." Mzee Twalib aliitikia marahaba, akaipokea darubini kwa mikono miwili, akasema sababu hiyo ni nzuri. Nalitaja hili kwa kuwa watu baadaye walisema Swaleh alipenda kuua. Mtu niliyemjua mimi alitaka mnyama afe mara moja na watu wasiumie.

Jioni ile Mzee Twalib alinifundisha. Tulisimama mlangoni baada ya magharibi, na ng'ambo ya barabara Bi Rukia alikuwa amefunga mbuzi mweusi kwenye ukuta wa nyumba yake. "Ndoo utizame," akaniita nisogee. "Taa imezimwa. Mbuzi wamuona?" Nilimwona, kivuli kizito chenye masikio. "Na alama?" Sikuiona, ilipotelea katika weusi wake. Akazungusha kizungusho hadi namba moja. Palepale begani kwa mbuzi pakalala uzi mwembamba mwekundu, na mbuzi akabaki mbuzi. Nilicheka kwa furaha. "Mashaallah," nikasema, nami si wa dini yao. "Ngoja usicheke," akasema, akazungusha hadi mwisho, namba saba. Kioo kizima kikajaa wekundu, kama mtu aliyefumba macho akalitazama jua. "Sasa mbuzi yu wapi?" Nikamwambia simwoni. "Ameondoka?" Hakuondoka. "Basi sikiza. Mato ya mtu gizani yafunguka polepole, na mwanga mkali wayafunga mara moja. Taa hii yafaa dakika chache tu, pale alama ishapotea na mnyama bado waonekana. Mwanga uwe mdogo kabisa. Na haikuonyeshi mnyama, kijana. Yakuonyesha alama tu. Mnyama utamuona kwa mato yako, au umuwate ende zake." Alisema pia kwamba kwa fundi kuna njia mbili pekee: ama kizungusho kinafanya kazi, ama unaing'oa taa yote na kumrudishia mtu vistari vyeusi. Darubini isiyo na taa bado ni darubini. Vistari vikipotea, vimekwambia uende nyumbani ukale.

Mimi niliporudi kula nilirudi kwa Mzee Nyanje. Mtopanga ya wakati huo ilikuwa minazi na mihogo. Leo ukipita huko huoni hata mahali pa kufunga mbuzi. Nilipanga chumba chake cha nje, lakini kwa kweli niliishi uani kwao, maana mkewe, Mama Dama, hakuweza kuona mtu akipika peke yake bila kuudhika. Nyumba ilikuwa ya udongo na makuti, na kuta za ndani hazikufika paa, hivyo kila aliyelala humo alijua kila kilichosemwa. Tulikula sima kwa mchunga, mboga ile chungu ya majani, na dagaa siku za dagaa. Nguruwe alipouawa shambani, nyama ililetwa kwetu sisi tunaoila, na Mama Dama aliipika nje nyuma ya nyumba, katika chungu chake cha peke yake, ili majirani Waislamu wasikwazike. Mzee Nyanje alikuwa mgema, mtu mfupi mwenye nyayo ngumu kama ganda la nazi, na utani hakuuacha hata mdomo umejaa. "Huyu Swaleh ndiye mchinjaji bora," alisema siku moja akivunja mfupa. "Anachinja na haonji." Kisha akanigeukia. "Kazungu, nyinyi huko mnatengeneza macho ya kuona mbali. Hamna la kuniambia mnazi umejaa kabla sijaupanda?" Nikamwambia hilo bado halijatoka. "Basi mchana kutwa mnafanya nini?" Mama Dama akajibu kabla yangu: "Wanakula mahamri."

Kwa Mzee Nyanje nilijifunza kazi ya ugema kwa kuisikia tu. Mnazi unaogemwa hukatwa ncha ya karara, shina la maua linalodondosha tembo la kunywa, mara tatu kwa siku, alfajiri, mchana na jioni jua likizama. Kata moja ikikosekana unavumilia. Ukikosa siku nzima karara linafunga kama kidonda kinavyofunga, na miezi ya kulilea imepotea. Kwa hiyo mgema hana siku ya mapumziko. Hapigi kambi kwa wakwe, haugui, na wakati wa hanga, zile siku ambazo kijiji kizima huhamia kwa wafiwa kulia na kulala nje, yeye peke yake hutoka kwenye maombolezo jioni akaenda kukata. Mama Dama aliniambia kwamba Mzee Nyanje alimlilia mamake akiwa juu ya mnazi. Tena hanga lenyewe linahitaji mnazi wa kunywa, na atauleta nani? Jambo hili kwetu sisi lilikuwa la kawaida hata hakuna aliyelisema. Mtu kama Swaleh, aliyezaliwa kwenye nyumba ya mawe na ambaye hakunywa, hangelijua mpaka aambiwe.

Mzee Twalib alifiwa na dadake Malindi, akafunga safari asubuhi, akaniachia funguo. Adhuhuri ya siku hiyo hiyo Swaleh akaingia na darubini mkononi. Kizungusho kilikuwa kimekwama na taa haiwaki. Nilimweleza kwamba mzee harudi kabla ya Jumatatu. "Inna lillahi," alisema, akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua kofia. "Jumatatu ni mbali, ndugu yangu. Jana wamefukua safu nne. Tajiri asema kama siwezi, bunduki ampe mwingine na mimi nitafute kibarua. Na leo ndiyo siku yenyewe. Shamba halina mtu, wote wako hanga kwa marehemu Mzee Mwaro. Msimamizi amenihakikishia, hakuna atakayepita huko jioni." Wakati akisema hayo mimi nilikuwa nimeshafungua kifuniko cha betri, natazama kijani cha kutu ndani. Maneno yake niliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Nilijua kuna mtu mmoja atakayepita. Nilikula naye sima jana yake. Nilijua, na ujuzi huo haukunifika kichwani, kwa sababu Swaleh aliinama akachungulia kazi yangu na kuuliza, "Yawezekana, fundi?"

Alipoondoka niliifungua. Ndani ya kizungusho mlikuwa na waya mwembamba sana uliosokotwa, kazi yake kuupunguza umeme ili taa iwe ndogo au kubwa. Ulikuwa umeliwa na kutu. Niliutoa wote, nikauweka ndani ya kopo la peremende, nikalehemu waya mmoja mfupi kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye taa. Kazi ya nusu saa, safi, hata leo naweza kusema ilikuwa safi. Kisha nikaipima. Niliipima dirishani, saa tisa na nusu, jua la alasiri likimulika mchanga mweupe wa barabara. Katika mwanga ule taa iliyowaka kwa nguvu zake zote ilionekana uzi tu, mwekundu hafifu, mzuri, sawasawa na namba moja ya jioni ile ya mbuzi. Nikajiambia ni ndogo. Sanduku lenye kitambaa cheusi lilikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa. Nililitazama. Sikwenda kuingiza kichwa, kwa kuwa nilijua litaniambia nini, na baada ya hapo ningelazimika kung'oa waya na kuwa kijana tena. Saa kumi Swaleh akaja, akachungulia dirishani kama mimi, akatabasamu. "Kizungusho chazunguka?" Nikamjibu, "Usikiguse. Nimekiweka kwenye mwanga mdogo." Akaniombea dua ya baraka, akaenda.

Jioni nilikuwa uani, Mama Dama amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi ya mboga ya kupeleka hanga, mimi napepea moto. Adhana ilikuwa imekwisha na wekundu wa magharibi unafifia. Mlio wa bunduki ukasikika, mmoja tu. Jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa fahari, nilijisemea, imewaka. Mama Dama akasimamisha mkono juu ya meno ya mbuzi. "Huyo kapigwa karibu na minazi ya mzee," alisema. Nikamwambia bora mzee yuko hanga. "Hanga gani?" akasema. "Makarara atamwachia nani?" Akaendelea kukuna. Nadhani aliona nimesimama, maana aliniuliza, "Nini?" Nilikimbia kwa njia ya mihogo, na katikati ya njia nikakutana na Swaleh akija, kifua wazi, amembeba Mzee Nyanje mikononi kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala. Shati lake alikuwa amelifunga pajani mwa mzee. Damu na tembo la mnazi vilikuwa vimelilowesha pamoja, na harufu ile sikuwahi tena kuistahimili. "Nyekundu," Swaleh aliniambia. "Kazungu, nyekundu tupu."

Baadaye nilijua yote. Mzee Nyanje alikuwa amechuchumaa chini ya mnazi wake, anamimina kibuyu kidogo katika kikubwa, na mabegani alijifunika gunia jeusi kwa ajili ya mbu. Swaleh aliona kitu cheusi, kifupi, kinachocheza chini. Alipoweka jicho kwenye darubini wekundu ukajaa, kile kitu kikatoweka na ikabaki alama, naye akaiweka alama pale kitu kilipokuwa. Angeweza kutopiga. Hilo alilikubali mwenyewe mahakamani bila kuulizwa. Lakini alikuwa ameambiwa na msimamizi kwamba hakuna mtu, na alikuwa ameambiwa na fundi kwamba mwanga ni mdogo, akaona kasoro iko kwenye macho yake.

Mzee Nyanje walimkata mguu hospitalini, juu ya goti. Polisi walikuja karakanani mchana, wakiwa na darubini ndani ya mfuko wa karatasi, wakaniuliza kama ndimi niliyeitengeneza. Mmoja wao alisimama dirishani palepale niliposimama mimi, akachungulia, akampa mwenzake. "Eti hii ndiyo imempofusha? Mbona ndogo hivi?" Wakacheka. Kisha akanigeukia: "Ilipotoka hapa ilikuwa sawa?" Nikasema ilikuwa sawa. Akaandika, nikatia sahihi. Kortini nikarudia maneno hayo nikiwa nimeshika Biblia. Swaleh alikuwa kizimbani, hatua chache tu. Hakunitazama kwa chuki. Alinitazama kama mtu anayemsikiliza daktari, na niliposema ilikuwa sawa aliinamisha kichwa, amekubali. Alifungwa miaka mitatu.

Kati ya siku ya polisi na siku ya hukumu kulikuwa na wiki nyingi, na kila siku ya wiki hizo mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi. Mzee Twalib alirudi kutoka Malindi, akapanga meza, akafungua kopo la peremende akitafuta skrubu. Akatoa kile kisokoto cha kutu, akakiweka kiganjani, akakitazama muda mrefu. Hakunipigia kelele. "Uliipima wapi?" Nikamwambia dirishani. Akaketi. "Ulionyeshwa mbuzi," alisema, na hiyo ndiyo lawama pekee niliyopata kwake. Kisha akasema, "Kesho baada ya alfajiri tutafuatana, mimi nawe, ukaseme. Watakufunga labda. Mimi ntakuletea chakula." Nikaitikia naam. Alfajiri hiyo nilifunga nguo zangu nikavuka hadi Changamwe kwa binamu yangu aliyefanya kazi ya kupakua magunia. Nilisikia baadaye kwamba mzee alikwenda polisi peke yake. Waliandika jina lake, wakamwambia hakuwepo siku ile, na fundi aliyekuwepo ameshasema ilikuwa sawa.

Nilitoka Changamwe mara mbili tu mwaka ule kwa sababu ya kesi: kwenda kortini, na kwenda kumwona Mzee Nyanje aliporudishwa kutoka hospitali. Nilikusudia kumwambia. Mama Dama alinipikia. Nilipokwenda kunawa, nikiwa nyuma ya ukuta usiofika paa, niliwasikia wakisema. "Mtoto huyu amekonda," alisema yeye. Mzee akajibu, "Ndiye pekee aliyenikimbilia jioni ile. Wengine walikuwa wanakunywa mnazi wangu." Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. Kisha akasema, "Yule Swaleh simchukii. Macho tu. Angempelekea Kazungu na macho yake pia." Nilirudi nikakaa, nikala sima, nikasifu mchunga. Kutoka pale nilipokaa niliiona minazi yake. Makarara yalikuwa yamefunga yote, vibuyu bado vinaning'inia juu kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kupanda kuviteremsha. Nilijitolea kupanda. Nilifika nusu ya mnazi wa kwanza, nikashindwa kuendelea, nikashuka, na Mzee Nyanje akiwa kwenye kitanda chake cha kamba akanitania kwamba mikono ya vioo haishiki mti. Sikumwambia siku ile, wala siku nyingine. Alikufa baada ya miaka michache. Niliambiwa kwamba alikuwa bado akinisifia.

Wiki iliyopita nilirudi Magogoni. Nilimkuta Hamadi peke yake barazani, anachambua mchele. Nilimwambia yote kama nilivyoyaandika hapa: kizungusho, waya, dirisha, sanduku, na maneno niliyomwambia babake. Vidole vyake viliacha mchele lakini hakuinua kichwa. Nilipomaliza, pikipiki mbili zikapita barabarani. "Kwa hiyo palikuwa pekundu kweli," alisema mwisho. Nikamwambia palikuwa pekundu. "Sisi tulimpeleka kwa daktari wa macho mara nne. Alikuwa akijipiga hapa." Akagusa kando ya jicho lake. Nikamwomba msamaha. Akafikiri, akasema kwa adabu, bila hasira yoyote niliyoweza kuishika, "Mimi hukunikosea, mzee. Mwaka jana alikuwa bado ana akili zake. Ungemwambia mwaka jana." Akanisindikiza hadi barabarani, akangoja mpaka nikapata gari, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote.

Tangu mwaka ule sikushika tena kioo cha mtu. Nilipakua magunia, nikawa mlinzi wa ghala, nikazeeka. Hayo ni madogo na nimeyazoea. Jibu nililompa Swaleh lilimnyang'anya Nyanje mguu na minazi yake, likamnyang'anya Swaleh miaka mitatu na imani ya macho yake mwenyewe mpaka siku aliyokufa. Mimi lilinigharimu msamaha. Watu walioweza kunisamehe walikuwa Nyanje, Swaleh na Mzee Twalib, wote watatu wangenisamehe, na wote wamezikwa kabla sijamwomba hata mmoja.